Bei Moja, Stoo Nyingi

Malori yanayobeba karatasi kutoka bandari ya Dar es Salaam kwenda Singida, Shinyanga na Mwanza yanapita Ikungi mchana na usiku. Yanapita tu. Rimu inayotumika kwenye ofisi za Ikungi mara nyingi imeshaupita mji huo mara moja: imeshushwa Singida mjini, kilomita 40 hivi mbele, ikalala kwenye duka la jumla, ikahamia duka la steshenari, ndipo ikapakiwa kurudi kwa barabara ileile iliyoileta. Kama inakwenda Mgungira au Iyumbu, huko upande wa bonde la Wembere, safari ndiyo kwanza inaanza. Kila inaposhuka na kupanda kuna mtu anayeongeza chake juu ya bei, na huwezi kumlaumu. Naye ana pango la kulipa na watoto wa kusomesha.

Kwa hiyo anayeuliza rimu ni shilingi ngapi ameuliza nusu ya swali. La kuuliza ni hili: rimu hiyo ikishafika mezani kwa mtendaji wa kata ya Mgungira, imekwishakula kiasi gani?

Ikungi haina chuo kikuu. Ina halmashauri iliyotokana na kumegwa kwa iliyokuwa Wilaya ya Singida Vijijini, yenye tarafa 4, kata 28 na vijiji 101, pamoja na shule, zahanati na ofisi zake zote zinazotaka karatasi, kalamu na faili. Lakini mkalishe afisa ugavi wa halmashauri ya namna hiyo pamoja na mwenzake wa chuo chenye kampasi nyingi, utaona malalamiko yao ni yaleyale. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1992, kina vituo mikoani, Singida ikiwemo. Taasisi ya Uhasibu Tanzania ina kampasi Singida, na nyingine Mbeya, Mtwara, Mwanza na Kigoma, mbali na ya Dar es Salaam. Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo kina makao Morogoro na kampasi Katavi. Wote hao wana makao makuu yenye fedha na sauti, na vituo vyenye mahitaji na umbali. Nawaandikia wao: maafisa ugavi, wakuu wa kampasi, watunza stoo, hata walimu wakuu ambao hawakusomea ununuzi lakini ndio wanaotia saini.

Kuna mazoea mawili, na yote mawili yanaumiza.

Ya kwanza ni makao makuu kununua kila kitu, kujaza stoo moja, kisha kusubiri gari. Gari lenyewe huenda kampasini siku mkubwa anapokwenda kufungua semina. Katoni hupangwa miguuni kwa abiria, na zisizoenea hubaki hadi semina ijayo. Kampasi nayo haikai mikono kifuani. Mitihani ikikaribia inaomba masurufu, inamtuma kijana duka la jirani, inanunua kwa bei ya rejareja. Mwisho wa mwaka taasisi imenunua karatasi mara mbili, za kwanza zimelala stooni makao makuu na za pili zimeshatumika, na kwenye vitabu zote zinaonekana halali.

Mazoea ya pili ni kila kituo kujinunulia. Hapa uhuru upo, ila bei haipo. Kituo kinachohitaji katoni 10 hakina ubavu wa kubishana na muuza jumla. Ushindani wenyewe huwa wa kuigiza: proforma tatu zimeletwa na mwenye duka mmoja, zina mihuri mitatu tofauti, mwandiko mmoja, na kosa lilelile la tahajia kwenye zote tatu. Mkaguzi akija halazimiki kuwa mjuzi wa sheria kuliona hilo; anazipanga juu ya meza tu. Kisha anajumlisha. Vituo 20 vilivyonunua vitu vilevile kidogokidogo, kila kimoja kikibaki chini ya kiwango cha kutangaza zabuni, mbele yake vinaonekana kama taasisi moja iliyokatakata manunuzi ili kukwepa ushindani. Sheria ya Ununuzi wa Umma ya mwaka 2011 ilikataza hivyo, na hii Na. 10 ya mwaka 2023, iliyoanza kutumika katikati ya mwaka 2024, inakataza vilevile.

Ninachoshauri ni kutenganisha mambo mawili ambayo tumezoea kuyafunga fundo moja: kupatana bei na kupokea mzigo. Bei ipatanwe mara moja kwa taasisi nzima. Mzigo upokelewe mara nyingi, kila kituo mlangoni kwake, kwa kadiri kinavyoishiwa.

Njia ya kufanya hivyo ipo tayari kwa taasisi za umma, tena haina ugeni. Wakala wa Huduma ya Ununuzi Serikalini, GPSA, umekuwapo tangu mwaka 2007, na kazi yake kubwa ni kuingia mikataba maalumu na wazabuni wa bidhaa na huduma mtambuka, shajala ikiwemo. Mkataba wa aina hiyo haukulazimishi kununua mzigo wote kwa pamoja. Unaweka bei, sifa za bidhaa na masharti, kisha kila anayehitaji anaagiza kwa hati yake ya kuagizia, yaani LPO, kwa kiasi chake. Tangu Julai 2023 shughuli hizi zimehamia kwenye NeST, mfumo wa ununuzi wa umma kwa njia ya mtandao uliochukua nafasi ya TANePS, na hata shule na zahanati hununua humo. Walio nje ya serikali, kama vyuo na shule za mashirika ya dini, hawazuiwi kufanya jambo hilohilo kwa barua: waite wauza jumla watatu wanne, wawaonyeshe matumizi ya vituo vyote kwa mwaka, waombe bei itakayosimama miezi 12. Muuzaji akiona mwaka mzima mbele yake huteremka kuliko akiona katoni 10.

Sasa sehemu ambayo watu huiruka. Unapoomba bei, usiridhike na bei moja inayosema "hadi mlangoni". Omba safu mbili: bei ya bidhaa, na bei ya kuifikisha kila kituo. Bei ya usafiri ikifichwa ndani ya bei ya rimu, Mgungira italipiwa na Ikungi mjini, na hutajua kamwe kituo kipi kinakugharimu. Ikitengwa, mambo huanza kuonekana. Utagundua, kwa mfano, kwamba ramani ya utawala siyo ramani ya mzigo. Sepuka ni tarafa ya Ikungi, lakini ipo barabara ya kutoka Singida mjini kwenda Ndago. Mzigo wa Sepuka ukipelekwa kwanza makao makuu Ikungi kwa sababu tu ndiko muhuri uliko, umezungushwa bure. Ushushwe Singida na uende zake. Na kinyume chake, shule na ofisi zilizo kando ya barabara kuu, Ikungi yenyewe, Issuna, Puma, zinaweza kushushiwa na lori linalopita badala ya kusubiri mzigo urudi kutoka mjini. Ndivyo ilivyo kwa vyuo: tuseme chuo kina makao Dodoma, kampasi yake ya Mtwara haina sababu ya kula karatasi zilizopita Dodoma eti kwa kuwa mkurugenzi wa ununuzi anakaa huko.

Kabla ya bei, hata hivyo, kuna orodha. Orodha ya vifaa vya ofisi vya taasisi nyingi huota kama magugu, kwa sababu kila idara huandika jina la kitu ilichokiona mara ya mwisho. Huyu ameandika faili la kamba, yule faili la springi, mwingine boksi faili la rangi ya samawati. Kalamu za aina sita. Bahasha za kaki za vipimo ambavyo hakuna anayejua vinabeba nini. Kaunta buku za kwaya mbili, tatu na nne. Keti na watumiaji siku moja, ana kwa ana, si kwa barua, mpunguze. Kalamu ya bluu ya aina moja na nyekundu ya aina moja. Kaunta buku za kwaya mbili na nne, ya kwaya tatu ife. Stepla ya saizi moja, ili pini zinazonunuliwa ziingie kwenye stepla zote. Ofisi nyingi zina boksi za pini ambazo haziingii popote, na hakuna anayekumbuka zilikujaje. Wengine watanung'unika. Profesa mmoja atasema hawezi kufanya kazi bila kalamu fulani. Ajinunulie.

Kupunguza huko ni kwa senti. Kwenye printa na tona ni kwa mamilioni, na hapa naomba uvumilivu wa msomaji kwa sababu nitakaa kidogo.

Nenda kwenye taasisi yoyote yenye vituo vingi, uombe orodha ya printa. Kama wanayo, utakuta aina 15, nyingine zikiwa zawadi za miradi iliyokwisha, nyingine zilinunuliwa na mkuu aliyehama. Kila aina ina tona yake. Stoo inalazimika kuweka aina 15 za tona, au isiweke, kituo kikae wiki tatu bila kuchapa. Printa ikifa, tona zake zilizobaki zinageuka mali mfu: hazitumiki, hazirudishwi dukani, na katika taasisi ya umma huwezi kuzitupa tu, zinasubiri taratibu za kufuta mali chakavu huku zikihesabiwa kila mwisho wa mwaka. Chagua aina mbili za printa: moja ndogo ya ofisi ya mtu mmoja au wawili, moja kubwa ya idara au ya mitihani. Zile za zamani zitumike hadi zife, zisinunuliwe tena, wala zisitengenezwe kwa gharama inayokaribia mpya. Na mfadhili akitaka kukuzawadia printa, mpe jina la aina yako. Wengi hukubali, hawakuwa na sababu ya kuchagua ile nyingine.

Katika kuchagua, usiangalie bei ya printa wala bei ya tona peke yake. Angalia ukurasa. Tona hupimwa kwa kiwango cha kimataifa, cha ukurasa wenye maandishi yanayofunika kiasi cha asilimia 5 ya karatasi, na mtengenezaji huandika idadi ya kurasa. HP 85A, iliyojaa maofisini kwetu, imeandikiwa kurasa 1,600. Printa zinazotumia HP 26A, ya kurasa 3,100, hupokea pia 26X ya kurasa 9,000, kwenye mashine ileile. Mzabuni akileta 26A kwa bei ndogo, kamati ikamsifu kwa kuokoa fedha, huenda imechagua ukurasa wa bei ghali zaidi. Gawa bei kwa kurasa. Ni hesabu ya darasa la tano, lakini katika tathmini nyingi za zabuni za shajala haifanywi, kwa kuwa fomu inauliza bei ya kimoja.

Kurasa hizo zina faida nyingine ambayo mtunza stoo yeyote anaweza kuitumia bila kompyuta. Rimu na tona ni mke na mume. Kimoja hakiendi bila kingine. Katoni moja ya A4 ina rimu 5, yaani karatasi 2,500. Kituo kinachotumia 85A, kikichapa upande mmoja, kinahitaji tona moja na nusu na ushee kwa katoni moja. Tuseme kituo kimetumia katoni 10 kwa mwaka. Hizo ni karatasi 25,000; kwa upande mmoja ni tona 16, na hata kikichapa pande mbili kila karatasi ni tona 31 au 32. Leja ikionyesha kituo hicho kimechukua tona 45, kuna jambo. Pengine wanachapa picha na mabango, pengine tona ni feki na hazifiki kurasa zilizoandikwa, pengine kuna duka la fotokopi mtaani linaloendeshwa kwa tona za serikali. Usianze na la mwisho. Anza kwa kuuliza. Lakini uulize, na uulize kila robo mwaka, maana baada ya mwaka kila mtu amesahau.

Nimegusa tona feki. Zipo, zimejaa, na Tume ya Ushindani imekuwa ikizikamata pamoja na bidhaa nyingine bandia. Boksi lake huwa zuri kuliko la halali. Njia ya kujikinga si kukodolea macho stika ya kung'aa. Ni kuandika kwenye mkataba kwamba tona isiyofikia kurasa zake irudishwe na kubadilishwa, kisha kuzihesabu kweli. Printa nyingi za lesa huweza kuchapa ukurasa wa taarifa unaoonyesha kurasa zilizopita. Uchapwe siku tona inapowekwa na siku inapotolewa, karatasi hizo mbili zipigwe pini pamoja kwenye faili. Mzabuni anayejua unafanya hivyo hatakuletea takataka, atampelekea asiyefanya.

Kuhusu karatasi, kipimo chako ni mzani. Karatasi ya A4 ni sehemu ya 16 ya mita moja ya mraba. Ile iliyoandikwa gramu 80 ina uzito wa gramu 5 kwa kila karatasi, kwa hiyo rimu kamili ya karatasi 500 ni kilo 2 na nusu hivi. Ya gramu 70 ni kilo 2.2 kasoro kidogo. Ikungi ni nchi ya alizeti. Mizani haikosekani, na dukani ipo midogo ya kupimia sukari inayosoma hadi gramu. Siku mzigo unapofika, kamati ya ukaguzi na mapokezi ichague katoni tatu yenyewe, si zile ambazo dereva amezishusha mbele, itoe rimu moja kila katoni, iweke mzanini. Rimu iliyoandikwa gramu 80 ikisoma kilo 2.2, ama karatasi ni nyepesi ama zimepunguzwa, na vyote viwili ni hoja ya kukataa mzigo. Hakuna haja ya ugomvi. Andikeni uzito kwenye hati ya mapokezi, dereva atie saini, rimu ipigwe picha ikiwa juu ya mzani.

Sisemi gramu 70 ni mbaya. Kwa matangazo, rasimu na mitihani ya ndani inatosha sana, na kwa kituo cha mbali ina nafuu ya uzito: katoni 80 za gramu 80 ni tani nzima, lakini katoni hizo hizo za gramu 70 ni kilo 875 tu. Shida ni kulipia 80 na kupokea 70. Tena kwenye mashine za zamani karatasi nyepesi hukwama, hasa wakati wa mvua inapovuta unyevu. Kwa hiyo amua mapema ni ipi, uandike kwenye sifa za bidhaa, usiache neno "A4" likiwa peke yake. A4 ni kipimo cha upana na urefu. Haisemi lolote juu ya unene wala weupe.

Mkishapokea, kuna mchwa. Anayekaa Dar es Salaam anaweza kucheka, lakini ofisi nyingi za vijijini Singida zina sakafu iliyopasuka, na katoni iliyokaa sakafuni ikigusa ukuta msimu mmoja inaweza kuinuliwa ikiwa nyepesi kuliko ilivyopaswa, nje nzima na ndani vumbi. Tengenezeni chaga za mbao, ziinuke sakafuni angalau urefu wa kiganja, ziachane na ukuta kiasi mtu apitishe ufagio. Rimu isifunguliwe hadi ifike kwenye mashine. Tona zikae ndani ya mfuko wake, mbali na dirisha la jua. Vumbi la kiangazi ndilo linaloua printa za Ikungi kabla ya umri wake. Kitambaa cha pamba cha kuifunika printa jioni kinashonwa na fundi yeyote pale sokoni kwa fedha isiyofika hata kwenye fungu la matengenezo.

Kalenda. Singida hupata mvua msimu mmoja, kuanzia Novemba mwishoni au Desemba hadi Aprili, na barabara za upande wa Wembere katika miezi hiyo hazina ahadi. Mwaka wa fedha wa serikali unaanza Julai 1. Kwa hiyo mbingu yenyewe imeshakupangia: mzigo mkubwa wa vituo vya mbali uende kati ya Agosti na Oktoba, barabara zikiwa kavu, na uwe wa kutosha hadi Mei. Vituo vya kando ya lami viletewe kila robo, havina sababu ya kujaza stoo. Najua jibu litakalokuja: fedha za robo ya kwanza huchelewa. Ni kweli. Ndiyo sababu ya kutaka mkataba wa bei uwe umesainiwa kabla ya Julai, ili fedha zikiingia Agosti au Septemba iwe ni kutoa LPO tu. Taasisi inayoanza kutafuta mzabuni siku fedha zilipoingia itapokea karatasi Desemba, matope yakiwa magotini.

Ununuzi wa wiki ya mwisho ya Juni ni habari nyingine, na wala sitaupamba. Fedha zimebaki, zinaogopwa kurudi hazina, basi zinageuzwa tona. Hapo ndipo zinapotoka zile tona za printa zilizokufa.

Neno juu ya wauzaji wa hapahapa. Sheria inazitaka taasisi za umma kutenga asilimia 30 ya manunuzi kwa makundi maalumu: wanawake, vijana, wazee na watu wenye ulemavu. Shajala ni mahali pazuri pa kuanzia, kwa sababu haihitaji mitambo wala injinia. Kikundi cha vijana Ikungi kinaweza kabisa kusambaza kalamu, faili na rimu kwenye tarafa moja. Kinachokiua kikundi hicho si ushindani. Ni kucheleweshewa malipo. Kimekopa mtaji, pengine kutoka kwenye ile asilimia 10 ya mapato ya halmashauri inayokopeshwa vikundi, kikapeleka mzigo, kisha kikazungushwa miezi mitano, mara mhasibu yuko mafunzoni, mara hati ya mapokezi haina saini ya tatu. Mfanyabiashara mkubwa naye hazungushwi bure. Anaongeza gharama ya kuzungushwa kwenye bei ya mwaka unaofuata. Taasisi inayolalamika kwamba inauziwa ghali kuliko mtu wa mtaani ianze kwa kuangalia ilimlipa lini mzabuni wa mwisho. Ukitaka kuwagawia wadogo, wagawie kwa eneo au kwa aina ya bidhaa na uwalipe kwa siku zilizoandikwa mkatabani. Ukishindwa kulipa kwa wakati, usiwaite.

Unapolinganisha bei zao, hakikisha mnazungumza lugha moja. Mmoja ameweka VAT ya asilimia 18, mwingine hajasajiliwa kwa VAT. Mmoja amehesabu katoni ya rimu 5, mwingine ameandika "boksi" bila kusema lina nini. Waite, waulize, waandike upya kwa namna moja kama utaratibu unaruhusu. Kama hauruhusu, kosa ni la fomu yako, irekebishe zabuni ijayo.

Yote haya yanategemea kitabu kimoja ambacho watu hukidharau, yaani leja ya stoo ya kila kituo. Idara zikiulizwa zinahitaji nini, huandika matakwa, tena huzidisha kwa sababu zinajua zitapunguziwa. Makao makuu nayo hupunguza kwa sababu yanajua zimezidisha. Hapo hakuna mpango, kuna mnada. Leja haibishani hivyo: inaonyesha kituo cha Mungaa kilitoa rimu ngapi Machi, ngapi mwezi wa mitihani, na nini kilikaa rafu mwaka mzima bila mtu kukigusa. Mtunza stoo wa kituo kidogo asipewe mfumo wa kompyuta ambao umeme na mtandao wake ni wa kubahatisha, kisha akalaumiwa. Kaunta buku ya kwaya mbili inatosha: tarehe, kitu, kilichoingia, kilichotoka, kilichobaki, saini. Kila mwisho wa mwezi aupige picha ukurasa na kuutuma kwa simu kwa afisa ugavi. Huyo wa makao makuu ndiye mwenye umeme, aingize yeye kwenye kompyuta.

Kwenye leja hiyo wekeni pia kiwango cha kuagizia. Kituo kikibakiwa na karatasi za wiki sita, kiagize, kisisubiri rimu ya mwisho. Kwa Mgungira wakati wa mvua, wiki sita ni chache, wekeni kumi. Na mkuu wa kituo apewe mamlaka ya kutoa oda hiyo mwenyewe ndani ya bajeti yake na ndani ya bei iliyokwishapatanwa, bila kuomba ruhusa makao makuu kwa kila boksi la kalamu. Bei hawezi kuibadilisha, aina hawezi kuibadilisha. Anachoamua ni lini na ngapi. Akikosea, leja itasema.

Idara tumizi huanza kuandika mahitaji ya mwaka ujao miezi mingi kabla ya Julai. Kama wewe ndiye unayezipelekea fomu, safari hii usizipeleke tupu. Omba kwanza leja za vituo vyote za miezi 12 iliyopita, jaza matumizi halisi kwenye safu ya kwanza ya fomu, kisha uziache idara zieleze kwa maandishi kwa nini zinataka zaidi ya hapo.